Stata Aliyoniletea Zena

Vijana wangu mnaonifuata na picha za matrekta makuukuu kwenye simu zenu, mkiniuliza linafaa au halifai, nyote mnanionyesha injini. Injini mtaitengeneza. Rejeta mtaichomelea, tairi mtaliziba, kiti mtakishonea gunia. Kabla hujanunua trekta lililokuzidi umri, nenda kasimame mlangoni kwako uitazame ardhi. Ina mteremko? Unaelekea wapi? Mimi nililipeleka trekta langu nyumbani kwenye uwanja ulioinama kidogo tu, kama mtu aliyetaka kuinama aokote kitu halafu akaghairi, na uwanja ule ndio ulionipangia maisha.

Trekta lenyewe lilikuwa jekundu. Nilipolinunua wekundu ulibaki mahali pawili, chini ya kiti na kichwani mwangu. Nilikuwa dereva wake miaka mingi kwenye shamba la michikichi, na shamba lile lilipofungwa wenzangu wakachukua mabati na mapipa, mimi nikachukua trekta. Kiti chake kilikuwa kimeshachukua umbo langu, mtu mwingine angeteseka bure. Lilikuwa likitoa moshi ambao naamini kabisa watu wa ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, walikuwa wakiuona asubuhi na kuambiana kwamba Ujiji sasa wamepata kiwanda.

Stata yake, ile mota ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa zamani. Fundi Amisi, ambaye ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua juu ya chuma, aliifungua, akaitazama ndani, akaifuta mafuta, akaifunga kwenye kitambaa safi na kunikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu marehemu wake. Akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Hii tuizike. Weye utasukuma."

Basi nikasukuma. Yaani tukasukuma.

Kwa wale ambao hamjawahi, kazi ni hii. Unatia gia ya tatu, unakanyaga klachi, watu wanasukuma. Trekta likishika mwendo unaachia klachi kwa mpigo, magurudumu yanaizungusha injini, injini inakohoa, inapiga chafya, inawaka. Ukitumia gia ya kwanza tairi litaburuzika tu na watu watakutukana. Ukiachia klachi mapema, watu watagonga vifua kwenye chuma na watakutukana zaidi. Mteremko mzuri ungefanya kazi hiyo peke yake, lakini wangu ulikuwa nusu mteremko, nusu nyingine ilikuwa ni watu.

Nyumba yangu iko pembeni ya njia inayotoka Ujiji kuteremka kwenye bonde la Luiche, kwenye mashamba ya mpunga. Kila aendaye bondeni asubuhi na jembe lake begani anapita uani kwangu. Mwanzoni nilikuwa nawaomba. Msimu wa pili sikuhitaji kuomba tena, na sababu ni ugomvi. Bonde zima lilikuwa na trekta langu na jingine moja la mzee aliyekuwa halipeleki mahali penye tope, na mvua za kwanza zikinyesha kila mtu anataka alimiwe leo. Walikuwa wakigombana uani kwangu mpaka kuku wanahama. Siku moja Mama Bukuru, jirani yangu mwenye shamba kando ya mto, mwanamke wa maneno machache na mabega mapana, alipita katikati ya kelele zile, akaweka mkono wake juu ya madigadi ya kushoto, pale juu ya gurudumu kubwa la nyuma. Akasema, "Mimi nimeshika. Wa pili ashike."

Toka siku hiyo foleni ya bonde la Luiche ilikuwa ni mikono. Anayefika kwanza anashika madigadi ya kushoto, huyo ndiye atakayelimiwa kwanza. Wa pili anashika ya kulia. Wa tatu anashika sanduku la vifaa nyuma ya kiti, wa nne na wa tano wanasukuma magurudumu kwa kuyakamata yale meno ya tairi. Anayechelewa atasukuma kwa maneno, na atalimiwa jioni au kesho yake. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyedai. Ukiondoa mkono kwenda kujisaidia, jirani yako anakushikia, na hayo ndiyo mambo ambayo mimi nilipoanza masomo ya jioni pale Buzebazeba nilimweleza mwalimu wa uraia.

Masomo ya jioni niliyafanya nikiwa na mvi, na nilimaliza kidato cha nne nikiwa darasa moja tu mbele ya binti yangu Zena, jambo ambalo nadhani hajanisamehe. Katika fizikia tulifundishwa kwamba kazi ni nguvu mara umbali. Nilinyoosha kidole nikamwambia mwalimu kuna kitu amekisahau, kuna kelele. Darasa lilicheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Trekta halikuwaka kwa nguvu peke yake. Liliwaka kwa kelele za watu wale.

Alikuwepo Bakari, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, aliyekuwa na kipande cha shamba alichorithi. Bakari alisukuma kwa vidole viwili tu. Alisema vidole vingine ni vya suti za watu. Kila asubuhi wanawake walimwambia Mwanga nzima inajua kwamba anakuja kusindikiza trekta, naye alijibu kwamba bila vidole vyake viwili wangekuwa bado wanasukuma tangu juzi. Tulisalimiana Kiha, tukataniana Kiswahili, na trekta likikataa kuwaka tukalisema kwa lugha zote mbili. Mke wangu, Mama Zena, alikuwa akiweka birika kubwa la chai ya tangawizi na sinia la mihogo ya kuchemsha juu ya kinu kilichopinduliwa, na watu walikula kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa kwenye foleni.

Fundi Amisi alinishauri zaidi ya mara moja nijaze kifusi pale uani, niinue kidogo upande wa juu, trekta litajiwasha lenyewe kwa mteremko. Ilikuwa kazi ya siku mbili na koleo. Kila mwaka nilisema mwakani.

Huyu Amisi lazima niwaambie habari zake, maana ninyi siku hizi mnajifunza ufundi kwenye simu. Yeye alikuwa na stetoskopu ya mbao. Alikuwa akiweka ncha ya mpini wa nyundo juu ya injini na ncha nyingine sikioni, anafumba macho, anakwambia, nozeli ya pili inalia. Sikuwahi kumwona akikosea. Nilishamwona akilala usingizi akiwa katika mkao ule ule, lakini akiamka alikuwa na jibu.

Ndiye aliyetufundisha habari ya mawese. Dereva mmoja wa shamba la jirani aliishiwa mafuta ya haidroliki, yale yanayoinua mikono ya nyuma iliyobeba jembe. Mtu wa Kigoma ukiishiwa mafuta yoyote, mkono unakwenda wenyewe kwenye dumu la mawese. Mawese tunapikia, tunajipaka, tunawasha taa, kwa nini yasiinue jembe? Akayamimina. Na kweli, mchana ule wa jua, jembe lilipanda na kushuka kama bibi harusi. Jioni Ujiji nzima ilikuwa imeshasikia, na yeye alikuwa akitembea kama mtu anayesubiri kupewa nishani.

Ilikuwa kipupwe. Asubuhi yake baridi ya ziwani ilishuka, na ninyi mnajua mawese kwenye baridi yanafanyaje ndani ya chupa. Sasa wazeni ndani ya chuma, kwenye pampu, kwenye mirija nyembamba kama utambi. Yaliganda yote. Jembe liligoma kuinuka, na lilikuwa chini, ndani ya udongo, limelishikilia trekta kama nanga. Amisi alipoitwa alizunguka mara moja tu, akaomba jiko la mkaa. Akaliwasha, akalisogeza taratibu chini ya tumbo la trekta, mbali na tangi la dizeli, akaketi. Baada ya muda likaanza kunukia. Vijana, lilinukia maharage. Lilinukia maharage ya mawese yenye kitunguu mpaka watoto wa shule wakaacha njia, na mama mmoja alikuja na sahani akauliza nani amefiwa. Ilituchukua juma zima kuusafisha ule mfumo kwa dizeli. Amisi hakumgombeza yule dereva. Alimwambia tu, "Weye, chuma haili."

Amisi alirudi ng'ambo kwa ndugu zake, akafia huko. Habari niliipata kwa mtu wa mashua pale mwaloni Katonga, kati ya kununua samaki wa mgebuka na kurudishiwa chenji. Nilifika nyumbani nikaweka sikio kwenye mpini wa nyundo, nikasikiliza injini mpaka ilipopata moto. Sikusikia kitu kilichoniambia lolote.

Sasa nije kwenye upweke, maana hakuna atakayewaambia habari hii kabla hamjanunua. Dereva wa trekta kuukuu ni mtu wa peke yake kuliko mlinzi wa makaburi. Makaburini kuna kimya, unaweza ukasikia mtu akija. Juu ya trekta langu ulikuwa husikii hata mawazo yako. Watu walikuwa wakisimama kwenye majaruba ya mpunga wakinisemesha, naona midomo inakwenda, naona meno, nawapungia mkono. Sijui kama walikuwa wananisifu au wananitukana. Nimelima bonde lile miaka na miaka nikiwa nimezungukwa na watu, na sehemu kubwa ya niliyoyajua juu yao ilikuwa ile ya asubuhi, ile dakika kabla injini haijawaka.

Mama Zena alipofariki, dakika ile ndiyo ilikuwa siku yangu nzima. Nilijifunza kuchemsha ile chai ya tangawizi mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kali kiasi kwamba Bakari alisema itiwe kwenye betri. Lakini walikunywa, na walikuja, mikono kwenye madigadi, na kwa muda ule nyumba yangu ilikuwa na watu. Baadaye trekta linawaka, wananipungia, nami naingia kwenye kelele yangu mpaka jua linazama.

Zena aliyaona yale yale mambo kwa jicho lingine kabisa.

Alipokuwa mdogo naye alisukuma, kila asubuhi kabla ya shule, akiwa na sare. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza. Gurudumu la nyuma lilipita kando ya mguu wake, likachukua kiatu, likakizika kwenye tope mpaka leo hatujakiona. Watu walicheka kwa ule woga unaochekesha watu baada ya hatari kupita. Mimi pia nilicheka. Zena hakucheka. Alikwenda shule na kiatu kimoja, na moshi wa dizeli kwenye kola, na huko nako nadhani walicheka.

Akasoma, akawa muuguzi, akapangiwa Tabora. Mwaka ule wa pili baada ya mama yake kufariki aliniambia anakuja likizo na nimpokee stesheni. Treni ilifika imechelewa kama kawaida yake. Nikamwona anashuka akiwa amekumbatia sanduku la mbao kifuani, hataki mpagazi alishike, na nyuma yake mtu amebeba betri mpya. Ndani ya sanduku ilikuwa stata. Aliitafuta kwa mafundi wa kila mji alikopita, akiwaonyesha picha za ile maiti niliyokabidhiwa na Amisi, mpaka akapata inayoingia. Na alikwishapanga fundi wa pale Mwanga aje abadilishe na lile duara la meno linalozungushwa na stata, maana alikuwa ameuliza, akaambiwa stata mpya kwenye meno mabovu ni kupoteza kitu.

Kazi ilikwisha jioni. Zena alisimama uani, mikono ameikunja kifuani, akaniambia nipande nipige. Nikazungusha ufunguo. Trekta lile halikukohoa wala kupiga chafya. Liliwaka kama lililokuwa limekaa miaka yote likisubiri kuombwa kwa adabu.

Nikalizima ili nimshukuru. Alikuwa analia. Akasema, "Baba, hutamwomba mtu tena."

Nilimwambia ahsante mama, Mungu akujalie, na kila neno nililimaanisha.

Asubuhi yake Zena akiwa bado yupo, watu walifika kama kawaida, wakashika nafasi zao. Nikawaambia waondoe mikono. Nikazungusha ufunguo. Walipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, Bakari akavitazama vidole vyake viwili akasema amestaafishwa bila barua. Halafu wakabaki wamesimama. Mikono ilikuwa haina pa kwenda. Wengine waliishika migongoni, wengine walichukua mihogo. Mama Bukuru ndiye aliyeuliza kitu cha maana. Aliuliza, "Sasa tutajuaje nani wa kwanza?"

Nikasema watanipigia simu. Nilisema haraka, na kwa furaha, mbele ya mwanangu.

Wakawa wanapiga. Baba Zena, kesho kwangu. Mzee shikamoo, mimi kesho kutwa. Watu wa bonde wana adabu, lakini msimu wa kulima hakuna mtu anayepanda kiguu na njia mpaka uani kwa mzee kwa ajili ya chai. Walikuwa wakipanda kwa ajili ya madigadi. Foleni ilipoingia kwenye simu, njia ya kwenda bondeni iligeuka ikapita chini kwa kina Mama Bukuru, na uani kwangu majani yakaanza kuota pale walipokuwa wakikanyaga. Niliendelea kuchemsha birika kubwa kwa mazoea. Nilimwaga nyingi. Kuna mnanaa ulikuwa ukiota pale nilipokuwa nikimwaga, ulikua mpaka dirishani, nadhani ndio mnanaa uliokunywa chai nyingi kuliko wote Tanzania Bara.

Na Zena kila jioni alipiga simu kutoka Tabora. Hakuwa na salamu ndefu siku za kazi. Aliuliza, "Limewaka?"

Nikamwambia limewaka.

"Peke yako?"

Peke yangu.

Nilikuwa nasikia anavyoshusha pumzi kwa furaha.

Sasa ninyi mtaniuliza, kwani kuchomoa waya mmoja wa betri kungekushinda? Niliufikiria. Asubuhi moja nilifungua boneti, nikaushika ule waya, ulikuwa umelegea kiasi kwamba ungetoka kwa vidole viwili vya Bakari. Ningewaita watu, wangekuja. Lakini jioni simu ingelia, na mimi nimewadanganya watu wengi mambo mengi, samaki niliowavua hawajawahi kuingia kwenye mashua yoyote, ila mtoto aliyekwenda shule na kiatu kimoja sikuweza kumwambia limewaka wakati halikuwaka. Nikaukaza ule waya kwa spana. Nikaupaka grisi usipate kutu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi msimu ule. Trekta halijawahi kuwa zima namna ile, na mimi sijawahi kuwa kimya namna ile. Nilianza kulisemesha. Kusemesha trekta si dalili mbaya, wote tunafanya. Dalili mbaya ni pale unapoona halina jipya la kukujibu ukakasirika.

Kuna jambo moja la trekta lisilo na stata ambalo nilikuwa nalijua mwilini lakini sijawahi kulitamka, hata kwa mke wangu. Trekta kama hilo hulizimi. Ukishasukumwa asubuhi unakaa na moto wako mpaka jioni urudi kwenye mteremko wako. Ukilizima katikati ya bonde, kwenye tope, hakuna watu wa kutosha kulisukuma, litalala huko, na mvua ikija utaliaga. Kwa hiyo katika miaka yote ile sikuwahi kuketi shambani kwa mtu. Sikuwahi kula kwenye jaruba la mtu. Nilikuwa nikipewa mhogo juu juu, kwa mkono, kama anavyopewa askari wa zamu, injini ikiunguruma chini yangu.

Siku moja msimu ule nilikuwa nalima kwa Mama Bukuru, ule upande wa mtoni, ambao ziwa lilipopanda lilikuja kuutembelea na kuuachia tope jeusi zito kama lami. Nimemaliza mstari, nageuka. Wao walikuwa wameketi kwenye tuta, watu watano au sita, na sinia la ugali wa muhogo na mgebuka, na Bakari alikuwepo kwa sababu shamba lake linapakana. Alikuwa anasimulia kitu. Naona mikono yake inapanda na kushuka, naona mama mmoja anajipiga paja, naona Mama Bukuru, ambaye hacheki ovyo, ameinamisha kichwa mabega yanatikisika. Kwa mazoea nilinyanyua mkono nipunge nipite.

Sijui mkono ule ulipitia wapi. Ulishuka chini ya usukani, ukakishika kile kishikio cha kuzimia, ukavuta.

Injini ilijizungusha kidogo ikanyamaza.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni maji. Miaka yote ile nimelima kando ya Luiche na sikujua kwamba pale mto una sauti. Halafu vyura. Halafu, mbali, mtu akapiga kelele kwa Kiha kwamba trekta limekufa.

Vichwa vikainuka bonde zima. Trekta kuzimika kwenye tope lile, katikati ya msimu, ni msiba wa kila mtu ambaye hajalimiwa. Sinia likaachwa. Watu walitoka majaruba ya mbali wakikimbia, nguo wamezipandisha magotini, tope linaruka, na kabla sijafungua kinywa mikono ilikuwa imeshafika. Kwenye magurudumu. Kwenye sanduku la vifaa. Bakari na vidole vyake, safari hii vyote kumi. Na madigadi ya kushoto, bila kuangalia, Mama Bukuru.

Alisema, "Baba Zena, tia gia."

Ufunguo ulikuwa mbele ya goti langu. Nikawaambia halijaharibika.

"Limezimikaje?"

"Nimelizima mwenyewe."

Wakatazamana. Bakari alikuwa anahema, akauliza nimelizima kwa nini, kwenye tope kama hili, yeye amekanyaga ugali wa watu kuja hapa. Ninyi mnanijua, mimi ni mtu ambaye nikiulizwa saa ngapi naweza kujibu kwa hadithi tatu. Nilitafuta utani, nikatafuta kote, sikupata. Nikasema, "Nilikuwa sisikii mnachosema."

Hawakucheka. Maji yaliendelea kwenda. Mkono mmoja mmoja ukatoka kwenye chuma. Mama Bukuru ndiye wa mwisho kuondoa wake, akaufuta kwenye kitenge, akanitazama pale juu kwa muda kama mtu anayepima mtungi kama una maji.

"Shuka," akasema. "Bakari ataanza tena toka mwanzo."

Nikashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na tope lilinifika vigimbini, ikabidi wanishike mkono mpaka kwenye tuta. Bakari akaanza toka mwanzo. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyeingia dukani kwake Mwanga akala mguu mmoja wa suruali ya bwana harusi, na kusema kweli haikuwa habari ya kuchekesha kiasi kile. Nilicheka mpaka wakaacha kula, wakawa wananitazama.